Noti ya elfu kumi iliyozama Ziwa Victoria

Kwa miaka mingi nilifundisha mnyororo wa chakula kama nilivyofundishwa mwenyewe: majani, panzi, chura, nyoka, mwewe. Nachora ubaoni, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Dirisha la darasa letu linatazama Ziwa Victoria. Asubuhi unaiona mitumbwi ya dagaa ikirudi, na upepo ukigeuka darasa zima linanuka ufukwe. Mimi nimeupa ufukwe mgongo, nachora panzi.

Aliyenizindua ni binti mmoja wa kidato cha pili. Wanafunzi wana kosa moja la kudumu kwenye mchoro huu: mshale wanautoa kwa mwewe kuelekea kwa nyoka. Nilipomkosoa akaniuliza, "Kwani Mwalimu, si mwewe ndiye anayemfuata nyoka?" Nikamwambia mshale hauonyeshi nani anamkimbiza nani. Unaonyesha nguvu inakwenda wapi: kutoka kwa anayeliwa kuingia kwa mlaji. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo nguvu yote ya yule panzi sasa iko kwa mwewe?" Hapana, kidogo tu. "Nyingine iko wapi?" Kengele ikaniokoa.

Kipindi kilichofuata niliingia darasani na pesa. Noti ya 10,000 nilimkopa mwalimu wa Hisabati, ambaye alisimama mlangoni muda wote kuilinda. Nikamkabidhi mwanafunzi wa kwanza nikamwambia: wewe ni mwani, ule ukijani unaofanya maji ya ghubani yaonekane kama yamechemshiwa mchicha. Juu ya kichwa chako jua limemwaga milioni moja. Katika kila 1,000,000 ya nuru inayoshuka, mwani na mimea hushika kama 10,000 hivi, yaani asilimia moja, na mara nyingi hata hiyo haitimii. Nyingine inarudi angani au inayapasha maji joto. Kile kidogo kilichoshikwa, kikafungwa ndani ya sukari kwa njia ya usanisinuru, ndicho mtaji wa ziwa zima. Hakuna samaki, ndege, mamba wala mvuvi anayeishi kwa pesa nyingine.

Mwani akaliwa na wale vijidudu wanaoelea, wadogo kiasi kwamba ukiwachota kwenye glasi unaona vumbi linaloruka-ruka. Wataalamu huwaita zuplanktoni. Aliyecheza nafasi hiyo alinirudishia 10,000 akapokea 1,000. Dagaa akamla yeye, akapata sarafu ya 100. Sangara akamla dagaa, akapata 10. Mtu akamla sangara, akapata shilingi moja. Sarafu ya 10 siku hizi huioni mkononi mwa mtu, na shilingi moja ndiyo kabisa. Zote mbili nilizitoa kwenye kopo la vifungo la marehemu mama. Ile shilingi upande mmoja ina Mwalimu Nyerere, upande wa pili mkono ulioshika mwenge. Kijana aliyekuwa "mtu" aliigeuza-geuza kiganjani, kisha akasema, "Mwalimu, hii hata pipi hainunui."

Darasa likacheka. Nadhani siku ile ndiyo walielewa. Kwa kweli hata mimi.

Swali la yule binti lilikuwa bado linadai jibu. Katika kila hatua 9 kati ya 10 zinapotea, zinakwenda wapi? Sehemu kubwa inaungua ndani ya mlaji mwenyewe. Dagaa anaogelea usiku kucha, anapumua, anakimbia, moyo unapiga. Yote hayo yanalipiwa na alichokula, na mabaki ya malipo ni joto linaloingia majini. Sehemu nyingine haikusagika tumboni, ikatoka kama kinyesi. Nyingine ilikuwa kwa wenzake ambao hawakuliwa kabisa, wakafa wakazama, wakawa karamu ya bakteria wa chini. Kinachobaki kama mnofu, kile ambacho mlaji anayefuata anaweza kukitia mdomoni, ni kama moja ya kumi. Hiyo moja ya kumi si sheria iliyochongwa kwenye jiwe. Kwingine ni asilimia 5, kwingine 20. Lakini kwa kukadiria kichwani inatosha.

Na joto likishatoka halirudi. Hapo ndipo wanafunzi wengi huchanganya. Mbolea inazunguka: mfupa wa samaki ukioza, fosforasi yake inarudi kwa mwani, inapanda tena. Nguvu haizunguki. Inapita mara moja tu, kama abiria asiyekata tiketi ya kurudi, ndiyo maana jua lazima lichomoze tena kesho.

Aliyeweka hesabu hii kwenye karatasi alikuwa kijana wa Marekani, Raymond Lindeman. Alitumia miaka kadhaa kwenye kiziwa kidogo chenye matope huko Minnesota, Cedar Bog Lake, akipima mwani, wadudu na samaki, kisha akavibadilisha vyote kuwa kipimo kimoja cha nishati. Makala yake ilikataliwa kwanza kwa madai kwamba nadharia imezidi ushahidi. Mwalimu wake wa Chuo Kikuu cha Yale, Hutchinson, akaitetea hadi ikakubaliwa. Ilitoka 1942, miezi michache baada ya Lindeman kufariki akiwa na umri wa miaka 26. Kila nikisahihisha mitihani huwa namkumbuka, hasa nikikutana na jibu zuri ambalo mwongozo wa kusahihishia haukulitegemea.

Sasa nirudi dirishani.

Nilizaliwa Ukerewe mwaka 1976. Bibi yangu alikuwa na jabali lake. Sisemi alilimiliki kwa hati, ila kila mtu pale kijijini alijua lile bapa, karibu na mti wa mkuyu, ni la kuanikia furu wa bibi. Kazi yetu wajukuu ilikuwa kufukuza kunguru. Furu ni samaki wadogo, wengi hawazidi kiganja, wana miiba ya kukera, na watu wa mjini waliwadharau. Sisi tuliwala na ugali wa muhogo karibu kila siku ya Mungu.

Jina hilo moja, furu, lilibeba zaidi ya aina 500 za samaki, karibu wote wasiopatikana mahali pengine duniani. Na kila kundi lilikuwa na riziki yake. Kulikuwa na furu wa kuchota tope la mabaki chini, furu wa mwani, furu wa zuplanktoni, furu wenye meno ya kupasulia konokono, furu wa wadudu, furu walioishi kwa kubandua magamba ya wenzao. Walikuwepo hata waliowanyang'anya mama wenzao mayai na vitoto wanavyovibeba mdomoni. Utafiti uliofanyika kuzunguka ziwa lote kati ya 1969 na 1971 ulikuta kwamba, kwa uzito, furu ni kama asilimia 80 ya samaki wa maji ya chini. Ukitaka kuchora mishale yote iliyoingia na kutoka kwa furu, ubao wangu hautoshi. Ndiyo maana neno mnyororo linanisumbua. Mnyororo una pete moja kushika nyingine. Ziwa lile lilikuwa wavu, na fundo lake moja likikatika samaki hawakukosa pa kupita.

Halafu kuna sangara. Aliletwa na watu kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kutoka maziwa ya Albert na Turkana. Hoja ya waliomleta ilisikika ya busara: ziwa limejaa samaki wadogo wasio na soko, tuweke samaki mkubwa awale, nasi tumle yeye. Mwaka 1960 mwanabaiolojia Mwingereza, Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi Jinja, aliandika makala ya kuonya dhidi ya mpango huo. Ukiwa na ile noti ya elfu kumi kichwani, hoja ya upinzani unaiona bila kusomewa. Samaki mla samaki ni hatua nyingine ya makato. Kumlisha sangara furu ili ule sangara ni kubadilisha 100 upewe 10.

Kwa karibu miaka ishirini sangara alikaa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akalipuka upande wa Kenya, akafuata Uganda, na katikati ya miaka ya 1980 akaifikia Ghuba ya Mwanza kwa kishindo. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Sikumbuki siku yoyote maalumu. Nakumbuka tu kwamba kunguru walipungua jabalini, kisha bibi akaanza kulitumia kuanikia muhogo. Inakadiriwa aina kama 200 za furu zilitoweka, nyingi bila kupewa jina na mtu yeyote, wa maabara wala wa pwani.

Hapa ndipo wanafunzi wangu wajanja hunibana, na ni haki yao. Maana samaki hawakupungua sokoni. Waliongezeka! Miaka ya 1970 ziwa zima lilitoa kama tani 100,000 kwa mwaka. Kufikia 1990 ilikuwa kama tani 500,000. Viwanda vya minofu vikaota Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja. Basi Fryer alikosea? Hesabu ya makato ni uongo?

Nimelifikiria swali hili zaidi ya nilivyofikiria mkopo wangu wa nyumba, na jibu langu ni kwamba wanaomcheka Fryer wanasoma mizani ya kiwandani. Ile mizani inapima samaki waliotolewa majini, haipimi waliomo. Furu walikuwa wengi kupita kiasi, ila wavuvi waliwagusa kidogo, na wa jabalini kwa bibi hawakupita kwenye daftari la mtu. Sangara aliukusanya ule utajiri uliotawanyika kwenye vidole vidogo vidogo akaufunga katika kifurushi kimoja chenye soko Ulaya. Njiani sehemu kubwa ikaungua. Ila haikuwa imeandikwa popote, kwa hiyo hakuna aliyeona hasara.

Pili, alipowamaliza furu hakufa njaa. Alishuka chini. Ziwa lina uduvi wadogo wanaokula masalia na mwani wa chini, na furu walipoondoka uduvi hao wakaongezeka mno. Sangara, hata wakubwa wa kutosha kumtisha mtoto, wakawa wanaishi kwa uduvi. Ihesabu njia hiyo: masalia 10,000, uduvi 1,000, sangara 100. Ile njia ya mwani, zuplanktoni, furu mdogo, furu mla furu, kisha sangara, inamfikisha kwenye shilingi moja. Si kila furu alikuwa kwenye njia ndefu hiyo, wala uduvi si wa kwanza kula tope; furu wa tope walikuwepo kabla yao. Lakini mnyama tuliyemweka juu kabisa ya piramidi kumbe alikuwa anakula ghorofa ya kwanza.

Na ana ujanja mwingine ambao siku ya kwanza nilipousoma niliweka kitabu chini nikatoka nje kuvuta hewa. Sangara anakula watoto wake. Sangara mkubwa hana mdomo wa kuchuja zuplanktoni, ila kitoto chake kinacho. Kwa hiyo anataga mayai kwa mamilioni, vitoto vinatawanyika, vinakusanya vijidudu, vinanenepa kidogo, baba na mama wanavila. Ni kama kuwatuma watoto shambani kisha kuwafanya mboga. Kwa hesabu ya nishati, inalipa.

La tatu, mtaji wenyewe uliongezeka. Mbolea ya mashambani, maji machafu ya miji na moshi wa kuchoma mapori unaoshuka na mvua vilirutubisha ziwa, na uzalishaji wa mwani ukapanda takribani mara mbili ya ule wa miaka ya 1960. Mara mbili! Ungedhani ni habari njema. Lakini mwani uliotawala si ule wa zamani. Ni sianobakteria, wanaojikusanya mabonge, wengine wana sumu, na walaji wengi wanawakwepa. Pesa imechapishwa kwa wingi, wenye maduka hawaipokei. Mwani usioliwa unakufa, unazama, bakteria wanauozesha na kumaliza hewa ya chini. Kuna misimu ambapo maji ya kina kirefu hayana oksijeni kabisa, na yakipanda ghafla ufukweni tunaamka na kukuta samaki wanaelea. Watu husema kuna mtu kamwaga sumu. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni karamu tu ya bakteria.

Kuna mshale mwingine haumo kwenye vitabu vya baiolojia. Furu alikaushwa kwa jua, bure. Sangara ana mafuta mengi; ukimwanika anaoza kabla hajakauka, kwa hiyo kwanza walimkaanga au wakambanika, na kuni zikaanza kuondoka visiwani. Bibi alimchukia hasa kwa hilo. Alisema samaki huyu anakula mara mbili, majini na porini. Minofu ilipopanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, kichwa na mifupa yenye nyama ya kukwangua. Mafuta ya sangara kwenye mapanki yananuka nguoni wiki nzima. Lakini nisijifanye, ukiyakaanga vizuri yakalowa nyanya na ndimu ni matamu.

Ndege nao walibadili daftari. Yule mdiria mweusi na mweupe, anayening'inia hewani juu ya maji kama amefungwa kwa uzi kisha anaanguka puu, alikuwa akila furu hapa Mwanza. Watafiti walioyachunguza mabaki anayoyatapika walikuta baada ya furu kupotea amehamia kwa dagaa. Na kwa kuwa dagaa ni mwembamba, inabidi apige mbizi mara nyingi zaidi ili ashibe. Kila mbizi ina gharama. Nikimwona kwenye nyaya za umeme pale ghubani, huwa najiuliza leo amefika shilingi ngapi.

Dagaa ndiye shujaa wa hadithi hii, kama nalazimika kuteua. Mdogo, anazaa kabla hajatimiza mwaka, amewahi kuliwa na kila mwenye mdomo ziwani na bado yupo. Leo kwa uzito ndiye anayeongoza katika samaki wanaovuliwa. Mwanafunzi wangu wa zamani anamvua, na mwaka juzi alinichukua usiku mmoja wa giza. Mwezi ukiwaka hawatoki, kwa sababu taa haiwezi kushindana na mbalamwezi. Zamani ilikuwa karabai, sasa ni taa za sola zilizofungwa kwenye maboya. Tulikaa tukisubiri samaki wakusanyike, mbu wasiouma wakitujaa puani na kwenye chai, wale wanaotoka ziwani kwa mawingu kama moshi.

"Mwalimu," akaniambia, "hizi taa zinachajiwa na jua. Jua linalisha mwani, mwani unalisha vidudu, vidudu vinalisha dagaa, halafu jua hilohilo linamwita aje anaswe."

Nikamwambia nitaiiba. Ndiyo hii nimeiiba.

Asubuhi tulifika ufukweni, wanawake wakagawana ndoo. Waliopata nafasi kwenye chanja waliwaanika juu, wengine wakawamwaga mchangani. Nikauliza kwa nini mchangani, wakati dagaa wa chanja wana bei nzuri zaidi. Mama mmoja akanijibu bila kuinua kichwa, "Hawa wa kuku, baba. Kuku haoni mchanga."

Sehemu kubwa ya dagaa wetu inakwenda huko: kwenye chakula cha kuku, nguruwe, siku hizi hata samaki wa kwenye vizimba. Hata furu, kabla hawajatoweka, Mwanza ilijengewa kiwanda cha kuwasaga kuwa unga wa mifugo. Mshike kuku mikononi, kisha mshike samaki aliyetoka majini sasa hivi. Samaki ana ubaridi wa ziwa, hajalipia joto lolote. Kuku anaunguza, mwili wake una nyuzi kama 41, usiku na mchana, amelala au amesimama. Dagaa wengi unaompa hawageuzi kuwa yai wala nyama. Anawachoma kama mkaa ili asipoe. Ukila dagaa mwenyewe kwenye ile hesabu yangu ya darasani unapata 10. Ukimpa kuku, halafu ukala yai, umerudi kwenye shilingi ya mwenge.

Kuna wa kunipinga, najua. Yai halina mchanga, halina uchungu, watoto wanalipenda, na kuku anakula pia pumba na mashudu ambavyo mimi siwezi kula. Sawa. Watoto wangu wawili nao wakiona dagaa mezani wanakumbuka ghafla kwamba wameshiba. Lakini nyumba yenye mtoto mchanga inayokosa dagaa kwa sababu bei imepandishwa na wenye mifugo, hiyo haihitaji mimi kuifundisha makato.

Jumapili iliyopita nilikwenda Buswelu kwa shangazi, anayefuga kuku mia mbili wa mayai. Nikamkuta bandani akichanganya chakula: pumba, mashudu, chokaa, na kiroba cha dagaa kutoka soko la Mwaloni. Nilimwamkia, nikaanza somo langu, noti, chenji, sarafu. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachanganya na koleo.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayekula tisa?"

"Kuku, shangazi. Siyo wewe."

"Kuku ni wangu."

Alipomaliza alinipa trei ya mayai ya watoto. Kisha akachukua mfuko, akachota dagaa wa kwenye kiroba, akaujaza, akaufunga fundo. "Hawa wako wewe. Wana mchanga, waoshe mara tatu."

Niliwaosha mara nne.